Nani kawaambia kuwa tanga ni umaskini?



Kuna kauli moja imekuwa ikinikera kwa muda mrefu na leo nataka kuisema bila ya kumung'unya. Kila yanapozungumzwa masuala ya usafiri wa visiwani kwetu, huzuka mtu, mara nyingi msomi, mara nyingi mkubwa, akasema kuwa zama za majahazi zimepita. Wote wanaitikia kwa vichwa, kikao kinakwisha, watu wanakwenda kula. Na wakaazi wa Kojani, Fundo, Kisiwa Panza na Tumbatu wanaendelea kuvuka na mashua na vidau kama walivyovuka babu zao. Tafauti ni kuwa babu zao walikuwa na vyombo vikubwa zaidi na mafundi wengi zaidi.

Mimi nasema hivi: kwa visiwa vidogo, chombo cha tanga chenye mashine ya kusaidia, kilichokaguliwa, chenye bima na ratiba, ndicho kitakachobeba mzigo na abiria kwa gharama ambayo mtu wa kisiwani anaiweza. Upepo tunao. Kinachotuzuia ni siasa, na kiburi cha watu wanaoona kuwa maendeleo lazima yatoe moshi.

Tuanze na historia, maana wapo wanaotaka tuisahau. Kaskazi ikivuma kuanzia mwezi wa Disemba, mabumu na masambuku yalishuka kutoka Sur, Kuwait na Kutch. Yalileta tende, chumvi, mazulia na samaki wakavu, na kusi ilipoanza yakarudi na boriti za Rufiji na Lamu, karafuu na mbata. Mwaka 1938 na 1939 baharia wa Kiaustralia, Alan Villiers, alisafiri ndani ya bumu la Kuwait mpaka Zanzibar na Rufiji, akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Alichokikuta ni biashara hai, yenye manahodha wanaojua hesabu na wafanyabiashara wanaoaminiana kwa mikopo. Wengi wenu mlioko Oman wazee wenu walikuja au waliondoka kwa vyombo hivyo hivyo. Leo mjukuu wa nahodha anaona haya kulitaja jahazi!

Sasa tuulize: jahazi liliuliwa na nani? Tutaambiwa liliuliwa na mashine. Ni kweli kwa sehemu. Lakini baada ya Mapinduzi ya 1964 mlango wa biashara ya Ghuba ulifungika, na Kenya nayo ikapiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982. Kwa upande wetu kukaongezeka jambo jengine ambalo wakubwa hawapendi kulisikia: karafuu. Serikali ilijifanya mnunuzi pekee, ikamlipa mkulima wa Pemba bei ya kumdhalilisha, kisha ikashangaa kwa nini karafuu zinavuka usiku kwenda Kenya. Dawa iliyotumika ni doria. Tokea hapo kila chombo cha tanga katika maji ya Pemba kikaonekana chombo cha magendo mpaka kithibitishe vyengine. Nahodha akawa mtuhumiwa.

Na nini kilichopunguza magendo? Mwaka 2011 bei ya mkulima ilipandishwa kwa kiasi kikubwa, na magendo yakashuka. Bei ilifanya kwa msimu mmoja kile ambacho boti za doria hazikukifanya kwa miaka mingi. Lakini jahazi halikuombwa radhi.

Tusisahau na Januari 2001. Baada ya mauaji ya tarehe 26 na 27, zaidi ya watu elfu mbili waliondoka Pemba kukimbilia Shimoni, Kenya. Walivukaje? Kwa mashua na majahazi ya wavuvi. Chombo kinachoitwa cha kizamani ndicho kilichookoa roho siku ambayo vyombo vya kisasa vya dola vilikuwa vinawatafuta watu.

Watasema: usalama. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, maana hoja hii ni nzito na haifai kufanyiwa mzaha. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Iliruhusiwa kuchukua watu mia sita na ushei. Tume ya uchunguzi ilikuta kuwa walipakiwa watu zaidi ya elfu mbili, na waliokufa pamoja na waliopotea wakazidi 1,500. Hazikupita hata miezi kumi na moja, tarehe 18 Julai 2012, ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Hiyo ilikuwa feri ya abiria ya jimbo la Washington huko Marekani, iliyoundwa kwa maji yaliyokingwa, ikauzwa 2011 baada ya kustaafishwa, sisi tukaipeleka kwenye mkondo wa kusi. Je, hizo zilikuwa na matanga? Waliowaua watu wetu ni wapakiaji waliozidisha, wakaguzi waliofumba macho na wenye meli waliojua kuwa hakuna wa kuwauliza. Ugonjwa huo haukutokana na aina ya chombo. Ukiliacha jahazi bila ya ukaguzi litaua, kama meli ya mashine isiyokaguliwa inavyoua.

Na msinifanye mjinga wa kusema kuwa tanga halizamishi. Mei 2024 chombo cha mizigo cha Kifaransa, De Gallant, kilizama kwa dhoruba ya ghafla karibu na Bahamas na mabaharia wawili wakapotea. Kilikuwa chombo kizuri chenye watu wanaojua kazi. Bahari ni bahari. Ndiyo maana nitakuja kwenye masharti.

Kabla ya hapo tazameni wenzetu wa Pasifiki, maana sisi tunapenda kujilinganisha na Singapore na Dubai tu. Kwa miaka mingi kuanzia 2006 kulikuwa na meli ya tanga na mashine iitwayo Kwai, iliyoundwa Ujerumani 1950 kwa ajili ya uvuvi, ikageuzwa kuwa ya mizigo na abiria. Iliondoka Hawaii ikenda Kiritimati na visiwa vidogo vya Kiribati, zaidi ya kilomita 2,000, na ikafika mpaka visiwa vya kaskazini vya Cook. Ilishusha mchele, unga, vifaa vya ujenzi na baskeli, ikapakia mbata na mwani. Visiwa vyengine havina gati: meli husimama nje ya mwamba na mzigo hushushwa kwa boti ndogo. Abiria walilala juu ya sitaha. Meli kubwa za makampuni hazikuvitaka visiwa hivyo kwa sababu hesabu yao haitoki. Kwai iliitoa kwa sababu sehemu ya safari ilikuwa ya bure, ya upepo.

Baadae Kwai ikanunuliwa na Visiwa vya Marshall, nchi yenye watu wapatao 42,000 waliotawanyika katika visiwa vya matumbawe. Nchi hiyo haikuishia hapo. Mwaka 2024 ilipokea meli mpya kabisa ya tanga, Juren Ae, yenye urefu wa karibu mita 48, iliyojengwa Korea Kusini kwa msaada wa Ujerumani, kwa ajili ya kubeba mizigo na abiria baina ya visiwa vyao. Watu 42,000! Wilaya moja ya Unguja inawazidi. Hawakuona haya.

Fiji ilijaribu zamani zaidi. Katika miaka ya 1980, mafuta yalipokuwa ghali, meli ya serikali iitwayo Na Mataisau ilitiwa matanga, ikaokoa karibu robo ya mafuta yake. Kisha bei ya mafuta ikaanguka na mradi ukaachwa. Funzo lake ni kwetu pia: tukingojea mafuta yapande ndipo tukumbuke upepo, mafundi watakuwa washakufa.

Sasa tuje nyumbani, tufanye hesabu. Kutoka Malindi mpaka Mkoani ni kama maili 55 za baharini. Chombo kinachokwenda maili sita kwa saa kinafika kwa saa tisa au kumi. Kikiondoka baada ya magharibi, alfajiri kipo Mkoani. Hapo kinashusha, kinapita Kisiwa Panza, kinapanda Wesha na Fundo, kinamalizia Wete, na kutoka Wete mpaka Tanga ni maili chini ya arubaini. Wakati wa kusi safari ya kwenda Pemba ni ya raha, wakati wa kaskazi ni ile ya kurudi. Ukienda joshi au ikiwa tanga mbili, unawasha mashine. Hakuna anayesema mashine itupwe baharini.

Mzigo upo wa pande mbili, na hili ndilo muhimu, kwa sababu chombo kinachorudi kitupu kinakufa. Kwenda: saruji, mabati, mchele, unga, sukari. Kurudi: mwani, mbata, ndizi, na dagaa wakavu ambao wanunuzi wa Kongo wanawafuata mpaka Unguja. Na karafuu zenye karatasi zake halali. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachoharibika kwa kuchelewa nusu siku. Mwenye mgonjwa wa dharura apande boti ya kasi, na apewe boti ya kasi. Lakini mfuko wa saruji una haraka gani?

Na kwa nini chombo hichi kisiwe meli kubwa? Kwa sababu tunayo tayari. MV Mapinduzi II ilinunuliwa kwa mamilioni ya dola na inabeba abiria 1,200. Vizuri, na iende Mkoani. Lakini haiwezi kusogea Kojani wala Fundo. Pesa zinakwenda kwenye gati mbili tatu, na aliye nyuma ya gati anajitafutia mwenyewe.

Masharti yangu ni haya. Alama ya mzigo ichorwe ubavuni, na ikizama majini chombo kisiondoke, hata aliyemo ni mke wa waziri. Abiria wasizidi thelathini, waandikwe kwa majina, nakala ibakie pwani, kila mmoja awe na jaketi lake. Redio iwepo na kifaa cha kutoa ishara ya hatari kwa satelaiti. Chombo kipandishwe pwani kila mwaka, kikalafatiwe na kukaguliwa mkuku na mataruma yake na fundi anayejua, si karani mwenye mhuri. Na neno la nahodha akisema leo hatuondoki liwe la mwisho, pasiwe na simu ya kutoka juu.

Serikali simuombi ifanye biashara. Naitaka mambo matatu tu. Kwanza, ushuru wa bandari wa chombo kidogo cha tanga usilingane na wa meli ya makontena. Pili, mkataba wa huduma: chombo kinachopeleka dawa, vitabu vya skuli na barua katika visiwa vidogo kilipwe kwa kazi hiyo, mvua au jua. Tatu, mafundi na manahodha wa zamani walipwe wafundishe vijana. Tuna Tamasha la Nchi za Jahazi tokea 1998, tumewapumbaza wageni kwa picha za matanga machweo. Tuliunda mtepe kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, na jumba lenyewe likaporomoka Disemba 2020. Jahazi kwetu ni la picha na la kuwatembeza watalii. La kumbebea mkulima mwani wake halipo.

Na sisi huku nje tusijitoe. Tunatuma pesa kwa harusi, kwa viwanja, kwa magari yanayosimama foleni Darajani. Hatukosi uwezo wa kununua hisa za chombo kimoja. Theluthi moja iwe ya wakaazi wa visiwa kitakavyovihudumia, theluthi ya walioko nje, theluthi ya wafanyabiashara wenye mizigo, na hesabu zisomwe hadharani kila mwaka kwa Kiswahili. Kikifanikiwa, kitafuata cha pili, na Mafia na Kilwa na ndugu zetu wa Ngazija wataona. Wangazija wanazikwa baharini kila mwaka wakivuka kwenda Mayotte kwa vikwasa tokea Ufaransa ilipoweka viza mwaka 1995. Usafiri halali wa bei nafuu baina ya visiwa vyao hautalimaliza janga lile, lakini watu wa Mwali wasingekuwa wafungwa wa kisiwa chao.

Mlioko nyumbani mlimpa mtu kura Oktoba 2025. Muulizeni: katika jimbo lako kuna kisiwa gani kisicho na gati, na mfuko wa saruji unafika huko kwa shilingi ngapi? Akiwa hajui, basi msimruhusu tena kukuambieni kuwa zama za majahazi zimepita.

Wassalaam.