Soul Iliyopigwa Marufuku na Jazz Iliyosahauliwa

Imekuwa ada kwa wapenzi wa fasihi wa pwani kupeana orodha za nyimbo wazipendazo: za soul, za jazz, za funk, na hata za ile roki ya saikedelia inayolevya masikio. Nimezisoma nyingi. Utamkuta James Brown, utamkuta Coltrane, utamkuta Hendrix, na wote wanastahili. Mbaraka Mwinshehe hayumo. Patrick Balisidya hayumo. Sisi tuliolelewa Nachingwea na Ruangwa, mbali na maktaba na kumbi za taarab, hatuoni kwamba huko ni kusahau. Ni dharau.

Dharau hiyo ina historia. Novemba 1969 wakuu wa Mkoa wa Pwani walipiga marufuku muziki wa soul katika kumbi za Dar es Salaam, eti ni wa kigeni na unawapotosha vijana. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, James Brown alikuwa ametoa wimbo wake wa kujivunia weusi. Na amri hiyo ilipotolewa, hapa Nachingwea wapiganaji wa FRELIMO walikuwa wakifunzwa kumng'oa Mreno nchini Msumbiji. Ni mantiki gani iliyowapa wana wa Afrika bunduki huku kusini, ikawanyima vijana wa Dar es Salaam sauti ya jamaa zao waliouzwa ng'ambo? Sindimba ya Wamakonde, ambayo kiuno chake hakina haya hata kidogo, ilipandishwa jukwaani kuwa utamaduni wa taifa. Kiuno kilekile kilipofuata soul, kikawa ukoloni. Laiti angetajwa aliyevipima viuno hivyo, na ratili aliyoitumia!

Marufuku ile ilikwisha, fikra yake ikageuka sura. Zamani tuliambiwa cha kigeni ni najisi. Leo tunaambiwa, kwa kimya cha orodha hizo, kwamba cha kigeni ndicho muziki na chetu ni kelele za baa.

Wapo wanaojitetea kwamba bendi zetu zilijiita "jazz" bila kupiga jazz. Naam, haikuwa jazz ya New Orleans. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na kwao neno hilo lilikuwa jina la bendi ya kuchezesha watu. Mapigo mengi waliyachota katika santuri za Kuba. Mshairi wa Kiswahili ndiye wa mwisho kulalamikia jambo hilo. "Shairi" lenyewe ni neno la Kiarabu, na hakuna aliyetudai tulirudishe. Isitoshe, kila bendi iliupa muziki huo mtindo wake: Western Jazz na saboso, Atomic ya Tanga na kiweke, NUTA na msondo, Afro 70 na afrosa.

Sikilizeni "Shida" ya Mbaraka, jinsi gitaa na sauti yake vinavyojibizana kama malenga wawili wanaoheshimiana. Sikilizeni "Dirishani" ya Afro 70. Kisha watafuteni Sunburst, vijana wa Dar es Salaam, na albamu yao ya mwaka 1976, Ave Africa: humo mna funk, mna gitaa la saikedelia, mna Kiswahili. Ilibidi kampuni ya London iitoe upya mwaka 2016 ndipo wahakiki wetu waanze kulitaja jina lao.

Nitaambiwa nyimbo hizi hazina vina wala mizani. Nyingine hazina kweli, na nyingine ni hafifu. Taarab nayo ina hafifu zake. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na visiwa vimemwenzi ipasavyo. Lakini Ruangwa, ambayo leo wengi huijua kwa timu ya Namungo, Kiswahili cha mapenzi, cha ufukara na cha msiba kilitufikia kwa redio, ndani ya dansi, kabla hatujakiona kitabu cha Shaaban Robert. Mimi niliyejifunza utungaji bila mwalimu, urefu wa mshororo niliupima kwanza kwa pumzi ya mwimbaji.

Mbaraka alifariki mwaka 1979, Marijani Rajab 1995, Balisidya 2004. Waliocheza nao na kuzijua tungo zao kwa moyo wanapungua kila mwaka. Jarida hili limekwisha kuzipa tungo za taarab kurasa nyingi, na uchambuzi juu yake. Naliomba liyape mashairi ya dansi kurasa nne katika toleo lijalo, maneno yote yakiwa yamenukuliwa na kuhakikiwa. Kazi ya kunakili niachieni mimi.