Mashine ya Kifua Kikuu Tuichagueje?

Nataka kusema jambo ambalo pengine mtasema halimhusu mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Kitale. Linanihusu. Mjomba wangu wa Bungoma alikohoa wiki nyingi kabla ya kujua anaugua nini. Makohozi yake yalipelekwa mbali, stima ikapotea katikati ya kipimo, ikabidi atoe mengine. Siku hizo zote alikuwa akilala chumba kimoja na watoto.

Watu husema, "Si wanunue mashine ya kisasa, yaishe!" Waama, kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini mashine ipi?

Kidudu cha kifua kikuu kina ukuta mgumu wenye nta. Ili kitambuliwe kwa DNA yake, sharti kwanza kipasuliwe, na kwa mkono kazi hiyo ni ndefu, tena ni rahisi kuchanganya makohozi ya huyu na ya yule. GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2010, hufanya yote ndani ya kikopo kiitwacho katriji. Huvipasua vijidudu kwa mawimbi ya sauti, huitoa DNA, na baada ya saa mbili hivi husema kama mtu ni mgonjwa na kama dawa ya rifampicin itamfaa. Hadubini huhitaji vijidudu kama 10,000 katika mililita moja. Katriji za kwanza za mashine hii ziliweza kuvigundua vikiwa 131 tu. Nani asiitake?

Ila ile ya kawaida haina betri ndani. Stima ikikatika, kipimo kimeharibika na katriji imeenda hivi hivi. (Joto halitusumbui sana Kitale. Stima ndiyo shida!) Truenat ya kutoka India, iliyoidhinishwa mwaka 2020, ni ndogo na hutumia betri. Ubaya wake ni kwamba DNA hutolewa katika kisanduku kimoja, kisha mtu huihamisha kwa mkono hadi kingine, na habari ya rifampicin huhitaji kipimo cha pili.

Kwa maoni yangu, GeneXpert ikae katika hospitali za rufaa za Kitale na Bungoma, penye jenereta, na ile ya betri ipande hadi Endebess na Kapsokwony. Rafiki yangu anabisha ati bodaboda itayaleta makohozi mjini. Sawa, lakini majibu yatarudi lini?

Linalonikera zaidi ni bei. Kila mashine hula vifaa vyake tu, kama redio inayokubali betri za kampuni moja. Katriji ya GeneXpert iliuzwa kwa nchi kama yetu dola 9.98 tangu 2012, ikashuka hadi 7.97 mwaka 2023 baada ya watu kupiga kelele miaka mingi. Wafadhili wamekuwa wakisaidia kuzilipia, lakini Januari 2025 tuliona Marekani ikisimamisha misaada yake. Basi kabla waheshimiwa wa kaunti hawajakata utepe na kupigwa picha, watuonyeshe kwenye bajeti katriji za mwaka wa pili na wa tatu zitanunuliwa kwa pesa za nani.