Maharage meupe hayadai busta



Msimu huu mama mmoja aliniletea mche wa maharage, majani yake machanga meupe kama karatasi. Alikuwa ameshauziwa busta, akapulizia mara mbili, weupe uko palepale. Nikamuuliza: magugu uliyaua na nini? Kumbe alipulizia mesotrioni kwenye mahindi aliyochanganya na maharage.

Mimi nasema wazi: mwenye mahindi na maharage shamba moja asiuziwe kabisa dawa hiyo.

Ndani ya jani, pamoja na rangi ya kijani, kuna rangi ya manjano ya jamii ya ile ya karoti. Hiyo ni kama mwavuli, inakinga kijani kisiunguzwe na jua kali. Mesotrioni inauzuia mmea kutengeneza mwavuli huo. Jua likiwaka, kijani kinaharibika na jani linabaki jeupe. Ndiyo maana weupe huanzia majani mapya ya juu, yale yanayotengenezwa wakati dawa imo ndani. Upungufu wa naitrojeni huanzia majani ya chini yaliyokomaa, nayo huwa ya njano. Sasa busta ingesaidia nini?

Mahindi hupona kwa sababu yanaivunja dawa hiyo haraka. Maharage hayawezi. Na hata mahindi yana kikomo: ukiichanganya na dawa ya viwavijeshi ya kundi la oganofosfeti, kama klorpirifosi, unayazuia yasiivunje, nayo yanaweza kugeuka meupe. Najua kuchanganya kunaokoa kibarua cha siku nzima. Bado sikubaliani nako.

Mwenye duka, kabla hujapokea hela uliza, "Humo shambani kuna nini zaidi ya mahindi?" Na acha kupimia watu dawa kwenye chupa za maji. Jina la kiambato na onyo la zao la kufuata vipo kwenye lebo, na lebo umebaki nayo wewe dukani.

Mkulima, kama yameshakuwa meupe, usinunue kitu. Subiri kama siku kumi, uangalie kichipukizi. Kikitoka cha kijani, endelea, ila palilia kwa jembe. Kikikauka, ng'oa, na usirudishie maharage palepale msimu huu, maana dawa huenda bado imo kwenye udongo.