Ufunguo wa Nyumba Usiuache Dirishani

Tuseme wewe ni mwanafunzi wa chuo jijini Nairobi, nao wazazi wako wanaishi Ogembo, Kaunti ya Kisii. Kila mara mama husahau taa ya uani ikiwaka hadi asubuhi, na tokeni za stima zinakwisha haraka. Siku hizi taa hiyo yaweza kuzimwa kwa simu, na kijana aliyejifunza JavaScript kidogo anaweza kujitengenezea ukurasa wa kufanya kazi hiyo. Hata hivyo, wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari.

Kwanza tuuelewe mpango wenyewe. Nyumbani huwekwa kompyuta ndogo iwe msimamizi wa balbu na swichi zinazoweza kupokea amri. Programu moja inayotumika kwa kazi hii ni Home Assistant, iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka wa 2013, nayo hutolewa bila malipo. Ili ukurasa wako uweze kuzungumza na msimamizi huyo, ipo maktaba ya JavaScript, yaani fungu la maandishi ya programu yaliyokwisha kutayarishwa, iitwayo home-assistant-js-websocket. Hii ndiyo mkalimani. Hufungua njia ya mawasiliano na kuiacha wazi: taa ikiwaka Ogembo, ukurasa wako hupata habari papo hapo, nawe ukibonyeza, amri hufika. Njia ikikatika, maktaba hujaribu yenyewe kuiunganisha tena.

Sasa sikiliza kwa makini. Kabla ya kutii amri ya mtu yeyote, msimamizi hudai kitambulisho, nacho pia huitwa tokeni. Tokeni ya stima ina tarakimu 20, na mwizi akiiona haimfai, kwa sababu ni ya mita yako peke yake. Lakini tokeni ya nyumba humfaa yeyote aliyeishika. Ile ya muda mrefu ya Home Assistant hudumu miaka 10!

Ni rahisi kuibandika tokeni hiyo ndani ya ukurasa wako, kisha ukawatumia marafiki wauone ufundi wako. Usithubutu. Maandishi ya JavaScript husomwa na kivinjari cha kila anayefungua ukurasa, na kinachosomwa na kivinjari chake, yeye pia anaweza kukisoma. Atajua taa za wazazi wako zinazimwa saa ngapi, na siku gani hakuna mtu nyumbani. Na kama kufuli ya mlango imeunganishwa humo, je, atashindwa kuifungua?

Dawa ipo katika maktaba hiyo hiyo. Inaweza kumpeleka mtumiaji kwa msimamizi aandike jina lake na neno la siri, kisha apewe tokeni ya dakika 30, ambayo maktaba huomba nyingine inapokwisha. Kwa kuwa kutoka Nairobi utapitia intaneti, hakikisha anwani inaanza na https, tokeni isisomwe njiani. Na ikiwa ile ya miaka 10 imekwisha kuonekana na watu, ingia katika akaunti yako uifute leo, usingoje kesho.

Jambo la mwisho halihusu kompyuta. Nyumba ni ya wazazi. Waeleze utakachoweza kuona na kuzima ukiwa mbali, wakubali wenyewe, maana hakuna mzazi anayefurahi taa kuzimika ghafla akiwa angali uani. Swichi ya ukutani ibaki ikifanya kazi, na taa ya mafuta isitupwe. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu Kenya nzima, na usiku kama huo hata msimamizi hodari hulala gizani pamoja na wenye nyumba.