Laini ya Mama, Mkeka wa Mwana

Kijana wa Cheyo, hapa Tabora, akitaka kubeti kwa simu, mara nyingi huombwa namba na nywila tu. Tangu mwaka 2020 laini zetu zimefungamanishwa na alama za vidole na kitambulisho cha NIDA. Lakini cha nani? Laini ikiwa ya mama, na mkeka ukiwa wa mwana ambaye hajatimiza miaka 18, uhakiki humthibitisha asiyecheza na kumpitisha anayecheza. Mama huyo (ambaye pengine hajui hata mkeka ni nini) huandikwa mcheza kamari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haikutungwa kwa mapambo. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha izilazimishe kampuni kumhakiki mchezaji mwenyewe, na kutamka zinahifadhi nini, kwa muda gani.