Uzbekistan Wamefuzu kwa Bahati? Acheni Dharau

Leo mnivumilie, nina povu.

Kuna mchambuzi mmoja, jina namhifadhia maana mashabiki wake ni wakali. Nimemsikia anacheka eti Uzbekistan wamefuzu Kombe la Dunia 2026 kwa bahati, kisa timu zimeongezwa zikawa 48. Mwenzake akadakia eti hizo nchi za "stan stan" nani anazijua. Studio nzima ikaangua kicheko.

Kaka, kaa hapo nikupe darasa la bure.

Uzbekistan wamepata uhuru 1991 baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika. 1994 tu hapo, wakaenda Hiroshima wakabeba dhahabu ya Michezo ya Asia. Fainali wakaipiga China 4-2! Ungejua mwanzo kama huo ungesubiriwa zaidi ya miaka 30 ndo wafike Kombe la Dunia?

Sasa sikia mateso yenyewe. 2005, mechi ya mtoano na Bahrain mjini Tashkent. Wanaongoza 1-0, wanapata penalti, wanafunga. Refa anasema mchezaji wao kaingia kwenye boksi mapema. Sheria inasema penalti irudiwe, yeye akawapa Bahrain faulo. Mechi ikaisha 1-0. Uzbekistan wakalalamika, FIFA wakakubali kuwa refa kachemka, ila wakafuta mechi nzima! Ushindi wao ukafutwa pia. Marudiano ya Tashkent 1-1, kule Bahrain 0-0, wakatolewa kwa goli la ugenini. Hiyo nayo ni bahati?

Wakaja 2013. Siku ya mwisho wanaipiga Qatar 5-1, wanalingana pointi na Korea Kusini, 14 kwa 14. Korea wakapita kwa tofauti ya goli moja. Wakapewa mtoano na Jordan, wakatolewa kwa matuta 9-8. Tena nyumbani kwao. Jamani!

Timu nyingine ingesusa. Hawa wakarudi kwa watoto. Ubingwa wa Asia wa vijana chini ya miaka 23 wakachukua 2018, wa chini ya 20 wakachukua 2023, wa chini ya 17 wakachukua 2025. Olimpiki ya Paris 2024 walikuwepo. Januari 2025 Manchester City wakamnunua beki wao Abdukodir Khusanov, akiwa na miaka 20.

Nakubali, nafasi za Asia zimeongezwa. Lakini kundi lao lilikuwa na Qatar na Falme za Kiarabu, wote wameshawahi kucheza Kombe la Dunia na hela wanazo. Mbona hao hawakupita moja kwa moja? Uzbekistan wamecheza mechi 10 wamefungwa moja, wamemaliza wa pili nyuma ya Iran. Tarehe 5 Juni 2025 wakatoka 0-0 pale Abu Dhabi, wakafuzu. Nchi ya kwanza ya Asia ya Kati.

Kiukweli kauli hii imeniuma. Mimi nimeishia kidato cha nne, na kila nikipiga hatua lazima atokee mtu aseme nina bahati. Zile siku ninazokesha na simu ya kuazima hakuna anayezihesabu. Sasa mchambuzi analipwa kuhesabu, na yeye anaona mechi ya mwisho tu?

Unabisha? Shuka hapo chini uandike. Povu ruksa, matusi hapana.