Redio ilitangulia, barua ikafuata
Ndugu mwandishi, kwa uliyoandika kuhusu waziri wa zamani Simeon Nyachae sina ubishi, ila hapo uliposema enzi za Rais Moi waziri alijua kateuliwa au kafutwa kwa barua, unatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Barua gani? Pale Keroka, kwenye duka la mjomba la ushonaji, ikikaribia saa saba mchana cherehani zote zilinyamaza na redio ikapandishwa sauti, maana taarifa ya habari ndiyo iliyoteua na kufuta. Mawaziri wenyewe walikuwa wakisikiliza kama sisi tu. Hiyo ya Februari 1999, Nyachae kutolewa Wizara ya Fedha kupelekwa ya Maendeleo ya Viwanda, tuliipata hapo hapo, na wazee wakasema mwana wa Chifu Musa Nyandusi hakubali. Kweli, akajiuzulu. Mtu aliyewahi kuwa Katibu Mkuu wa serikali nzima, mafaili yote yakipitia mezani kwake, halafu umhamishe kama karani! Nawe msomaji uliyeandika hapo juu kwamba Fred Matiang'i, waziri wa zamani na mtu wetu wa Borabu, alipewa ukubwa juu ya mawaziri wenzake kwa mdomo, hapana. Ilikuwa Amri ya Rais Nambari 1 ya 2019, iko kwa maandishi. Tena siku hizi hakuna hiari: Kifungu cha 135 cha Katiba kinataka uamuzi wa rais uandikwe, utiwe sahihi na muhuri. Mwandishi, tuandikie pia habari za Lawrence Sagini, aliyekuwa kwenye baraza la mawaziri la Kenyatta la 1963. Vijana wa Kisii na Nyamira hawamjui kabisa.